Galaxy A12 inanitaka nihamie Android 13: nikubali, au niiache ilivyo?

#1 Wakala wa Msamvu
Habari zenu wakuu. Mimi ni wakala wa huduma za fedha hapa Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu, na simu ninayoifanyia kazi ni Samsung Galaxy A12 yenye RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Niliinunua ikiwa na Android 11, na tangu hapo kila tangazo la sasisho linapojitokeza mimi hubonyeza "Baadaye". Sababu ni kwamba simu karibu zote nilizoona zikisasishwa nyumbani kwetu, za kampuni mbalimbali, ziliishia kuwa nzito, chaji ikawa haifiki adhuhuri, na wenyewe wakarudi dukani. Naamini, na nitaendelea kuamini mpaka mtu anioneshe vinginevyo, kwamba watengenezaji huyatumia masasisho kutuchosha na simu zetu ili tununue nyingine. Hata hivyo programu ya benki mojawapo imeanza kunitolea maandishi mekundu ya kunitaka nitumie mfumo mpya zaidi. Simu hii ndiyo ofisi yangu. Ikilala nusu siku, wateja wanahamia kibanda cha pili. Naomba ushauri wa waliopitia hali hii. Natanguliza shukrani.

#2 Mtulivu wa Chake
Mkuu, sasisha leo usiku na usisubiri zaidi. Ukibaki na mfumo wa zamani, WhatsApp itakufungia wakati wowote, na hapo utakuwa umepoteza wateja na namba zao kwa pamoja.

#3 Bint Tanga
Mtulivu, tusimtishe mleta uzi kwa jambo lisilo la kweli. Oktoba 2023 WhatsApp ilianza kuhitaji Android 5.0 au zaidi, kwa hiyo mwenye Android 11 yuko mbali sana na mstari huo. Waliofungiwa mwaka 2025 ni wenye iPhone zisizoweza kufika iOS 15.1, yaani iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Mfano ulio karibu zaidi na mleta uzi ni kivinjari cha Chrome, ambacho mwaka 2025 kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Android 8 na 9 na sasa kinataka Android 10 kwenda juu. Mstari unasogea, hilo silikatai, lakini haujamfikia.

#4 Fundi wa Aggrey
Nimekaa kwenye meza ya ufundi pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwa muda wa kutosha kujua kwamba watu wengi wakisema "kusasisha" huwa wanachanganya mambo matatu. Kuna toleo la mfumo endeshi, yaani kutoka Android 11 kwenda 12 au 13. Kuna kiraka cha usalama, yaani cha kuziba matundu wanayopitia wavamizi, ambacho hubeba tarehe yake na kwa kawaida hakibadilishi sura ya simu. Halafu kuna masasisho ya Google Play, yanayoingia kimyakimya hata kwenye simu ambayo mtengenezaji wake ameshaiacha. Viraka vya kila mwezi Google ilivianzisha Agosti 2015, baada ya kufichuka kwa udhaifu ulioitwa Stagefright, uliowezesha simu kuvamiwa kwa kutumiwa tu ujumbe wenye video. Na tangu Android 10 ya mwaka 2019, baadhi ya vipande vya mfumo wenyewe husasishwa kupitia Google Play bila kuingoja kampuni ya simu.

Sasa tuje kwenye A12. Za kwanza ziliingia sokoni mwishoni mwa 2020 zikiwa na Android 10; zilizofuata mwaka 2021, kama yako, zilikuja na Android 11, na Android 13 ndilo toleo lao la mwisho. Februari 2021 Samsung iliahidi miaka minne ya viraka kwa simu zake za Galaxy, hivyo hesabu ya A12 imekwisha. Usidhani kwamba ukihamia 13 utaanza kupokea kiraka kila mwezi. Utakachopata ni vile vilivyokwisha kutolewa, ambavyo kwa simu iliyobaki kwenye Android 11 ni vingi mno kuviacha vipite.

Kabla hujagusa chochote, fungua Mipangilio, nenda kwenye maelezo ya simu na programu yake, usome ile namba ndefu ya toleo. Sisi mezani tunatazama herufi tano za mwisho. Tuseme zinasomeka 3BVC1. Ile 3 ni daraja la kianzishi, yaani programu ya kwanza kuamka simu inapowashwa. B ni kizazi cha mfumo: kwa A12 iliyokuja na Android 11 kama yako, A ni Android 11, B ni 12 na C ni 13. V ni mwaka 2022, kwa kuwa U ilikuwa 2021 na W ikawa 2023. C ni mwezi Machi, na 1 ni nafasi ya toleo hilo miongoni mwa matoleo ya mwezi huo. Ukisasisha na ile tarakimu ya kwanza ikapanda, simu yenyewe itakataa kuwekewa mfumo wenye daraja la chini yake. Kwa hiyo fundi anayekuahidi kwamba "usipoipenda 13 nitakurudishia 11", mwulize kwanza tarakimu hiyo; akibabaika, chukua simu yako uondoke.

#5 Ngosha wa Igoma
Nakubaliana na Fundi kuhusu namba, ila hoja ya mleta uzi kuhusu uzito wa simu haijajibiwa. Mimi naona kinachosingiziwa sasisho ni betri. Betri ya lithiamu ikizeeka, ukinzani wake wa ndani huongezeka. Prosesa inapohitaji umeme mwingi kwa ghafla, volteji hushuka, na simu huzima ingawa inaonesha asilimia 30. Mtengenezaji ana njia mbili: aiache izime, au aipunguze kasi.

Apple walichagua ya pili. Toleo la iOS 10.2.1 la Januari 2017 liliingiza utaratibu huo kwenye iPhone za familia ya 6, 6s na SE bila watumiaji kuelezwa waziwazi. Desemba mwaka huohuo John Poole, mwasisi wa Primate Labs wanaotengeneza kipimo cha Geekbench, alichapisha takwimu zilizoonesha vipimo vya kasi vya simu hizo vikigawanyika kwa namna isiyoweza kuelezwa na uchakavu wa kawaida. Tarehe 20 Desemba Apple wakakiri, na kabla ya mwaka kwisha wakatangaza kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Waliobadilisha betri walirudishiwa kasi yao, mfumo ukiwa uleule. Ndiyo maana nasema tatizo lilianzia kwenye betri.

#6 Wakala wa Msamvu
Ngosha, asante, lakini naona umenisaidia mimi kuliko ulivyojisaidia. Si umesema mwenyewe kwamba kampuni ilipunguza kasi kupitia sasisho na ikanyamaza? Hicho ndicho nilichokisema mwanzoni.

#7 Kombora la Bara
Mleta uzi ameshinda, uzi ufungwe. Apple walilipa dola milioni 500 kwa kuua simu za watu kwa makusudi.

#8 Bint Tanga
Kombora, kwa nini kila unapopita lazima mtu apite nyuma yako akifuta? Mwaka 2020 Apple walikubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza shauri la madai nchini Marekani, bila kukiri kosa. Huko Ufaransa walitozwa euro milioni 25 Februari mwaka huohuo, na kosa lililotajwa lilikuwa kutowaambia watumiaji kwamba sasisho lingeweza kuipunguza kasi simu. Hakuna palipothibitishwa kwamba lengo lilikuwa kuwalazimisha watu wanunue mpya, ingawa matokeo kwa mwenye simu yanaweza kufanana.

Karibu zaidi na simu ya mleta uzi ni uamuzi wa mamlaka ya ushindani ya Italia wa Oktoba 2018. Apple walitozwa euro milioni 10, na Samsung euro milioni 5, kwa sababu walikuwa wamewahimiza wenye Galaxy Note 4 kuweka mfumo uliotayarishwa kwa ajili ya Note 7 bila kuwaeleza kwamba kifaa chao kingelemewa. Kwa hiyo hofu yake ina msingi, ila msingi huo ni ukimya wa kampuni, na ukimya si ushahidi wa njama.

#9 Mzee wa Kibuyuni
Wanangu, mmesahau habari mpya zaidi. Januari 2025 Google walituma sasisho kwa Pixel 4a lililopunguza kiasi cha chaji ambacho betri za baadhi ya simu hizo zingeweza kubeba, na Julai wakafanya jambo la aina hiyo kwa Pixel 6a zilizofikisha mizunguko 400 ya kuchaji, wakieleza kuwa ni kwa ajili ya kuzuia joto la kupita kiasi. Safari hii walisema waziwazi, na walitoa fidia au betri. Lakini mwenye simu aliyelala na betri nzima akaamka na betri pungufu, mtamwambia nini kuhusu njama na ukimya? Kwake yeye ni kitu kimoja.

#10 Kachero wa Hifadhi
Shikamoo Mzee wa Kibuyuni. Naomba nilete maelezo mengine, kwa sababu naona wote mmezama kwenye betri ilhali betri ya A12 ni ya miliampia 5,000 na prosesa yake haina ulafi mkubwa. Ningeitazama hifadhi. Simu za bei hii hutumia hifadhi ya eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko UFS inayowekwa kwenye simu ghali, na ikikaribia kujaa huwa ya polepole zaidi, kwa sababu kila kitu kipya kinapoandikwa simu hulazimika kwanza kuhamisha na kufuta vipande vya zamani. Mfumo mpya kwa kawaida huwa mkubwa kuliko uliotangulia, na programu nazo zinanenepa. Ukiweka toleo jipya kwenye simu iliyobakiwa na gigabaiti mbili tu, hakika itakuwa nzito, na utalilaumu toleo.

Wakongwe watakumbuka Nexus 7 ya mwaka 2012, tableti iliyotengenezwa na Asus kwa ajili ya Google. Ilipopata Android 5.0 mwishoni mwa 2014 watu walilalamika dunia nzima kwamba imekuwa haitumiki. Haikuwa na mtu wa kumfaidisha kwa kuiharibu, na betri zake hazikuwa zikizimika hovyo. Ilikuwa na RAM ya gigabaiti 1 na hifadhi dhaifu, ikapewa mfumo ulioizidi nguvu.

Jambo la pili ambalo mafundi hawaliambii meza ya mbele: baada ya kusasisha, programu zote hutakiwa kutayarishwa upya ili ziendane na mfumo mpya, na tangu Android 7 sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika simu ikiwa imetulia na iko kwenye chaji. Siku za mwanzo simu hupata joto, chaji hukimbia, na mtu anakimbilia kutoa hukumu. Iachwe kwenye chaji usiku kadhaa kwanza.

#11 Mama Upendo
Mimi nimepitia, kama mleta uzi alivyotaka. Simu yangu ya bei ya kati, ya kampuni ambayo sitaitaja, ilikuwa nzito kabla hata ya kusasisha. Niliisasisha, ikazidi kuwa nzito, nikaifomati kabisa, na baada ya hapo ikawa nyepesi kuliko nilipoinunua. Kwa hiyo ushauri wangu ni kusasisha kisha kufomati, vyote kwa pamoja.

Ila nilikwama mahali ambapo naomba wengine wajihadhari. Simu ilipowaka iliniomba akaunti ya Google iliyokuwamo zamani. Akaunti hiyo alinifungulia kijana wa dukani siku ya kununua, nenosiri akaliandika kwenye kipande cha boksi, na boksi lilikwishachomwa na takataka. Nilihangaika mpaka nikapata namba ya simu aliyoisajilia. Kila anayetaka kufomati ahakikishe kwanza anaifahamu akaunti yake na nenosiri lake.

#12 Fundi wa Aggrey
Dada Mama Upendo, pole. Niongezee kidogo kwa faida ya wengine. Kinga hiyo ilianza na Android 5.1, na hujitokeza mtu anapofomati kwa kubonyeza vitufe vya pembeni simu ikiwa imezimwa. Ukifomati kutoka ndani ya Mipangilio, ukiwa umeweka namba yako ya siri, au ukiiondoa akaunti kabla, simu haipaswi kukuuliza. Nusu ya simu ninazoletewa "zimefungwa na Google" si za wizi. Ni za watu waliofunguliwa akaunti na muuzaji.

Kwa wakala kama mleta uzi kuna la zaidi. Kufomati kunamaanisha kila programu ya benki na ya pesa itahitaji kusajiliwa upya, nyingine kwa ujumbe mfupi wenye tarakimu, na nyingine kwa kwenda tawini. Mwenye programu ya kuzalisha namba za uthibitisho asipoihamisha mapema atajifungia nje mwenyewe. Nakala rudufu ya WhatsApp sasa inahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure za akaunti ya Google, kwa hiyo aangalie kama zimebaki za kutosha. Kwa sababu hizo, mimi simshauri afomati. Asafishe hifadhi, asasishe, aache itulie.

#13 Mswahili wa Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Binafsi nimejuta kusasisha, na sikujuta kwa ajili ya kasi. Nilikuwa na programu ya zamani ya kurekodia mazungumzo ya simu, ambayo naitegemea katika biashara ya usafirishaji, kwa kuwa wateja husahau walichokubali. Baada ya kuhamia toleo jipya ikawa inarekodi sauti yangu tu, ya upande wa pili haisikiki. Na sikuhizi nasikia Android 14 imezifuta programu za zamani zote.

#14 Bint Tanga
Kaka wa Kisauni, hilo la mwisho si sahihi kwa namna ulivyolisema. Android 14 inazuia kuweka upya programu zilizotengenezwa kwa kulenga mifumo iliyotangulia Android 6.0, na sababu iliyotolewa ni kwamba programu hasidi nyingi hujifanya za zamani ili zikwepe sheria mpya za ruhusa. Zilizokuwamo kwenye simu kabla ya kusasisha huachwa. Hatari ni pale utakapofomati, kama alivyoshauri Mama Upendo, kwa sababu hapo zote zitahesabiwa kuwa mpya. Mleta uzi anaenda 13 tu, kwa hiyo kizuizi hicho hakimhusu. Kuhusu kurekodi mazungumzo, Google wamekuwa wakibana njia hizo toleo baada ya toleo, na Mei 2022 wakazuia pia programu za Google Play zilizokuwa zikitumia huduma za watu wenye ulemavu kama njia ya mzunguko.

#15 Kombora la Bara
Kwa hiyo Mama Upendo anasema afomati, Fundi anasema asifomati, Kachero anasema afute picha, Ngosha anasema anunue betri, na Bint Tanga anasema sote tumekosea. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mleta uzi, kaa na Android 11 yako.

#16 Mwandishi wa Msimbo
Kombora ametania, lakini ipo hoja nzito ya kiufundi inayomuunga mkono, na sijaona aliyeigusa. Programu nyingi za benki haziangalii toleo la mfumo peke yake. Huuliza huduma ya Google iitwayo Play Integrity kama simu ni ya kuaminika, na jibu hurudi kwa ngazi. Tangu Mei 2025, ili simu ya Android 13 au zaidi ipate ngazi ya juu kabisa, inatakiwa iwe na kiraka cha usalama kilichotolewa ndani ya mwaka mmoja uliopita. Simu za Android 12 kushuka chini hazikuwekewa sharti hilo la tarehe.

Tazameni sasa matokeo yake kwa simu ambayo mtengenezaji ameiacha. Ikiwa kwenye Android 11, inahukumiwa kwa kanuni ya zamani. Ikihamia Android 13, inahukumiwa kwa kanuni mpya, na kiraka chake cha mwisho kikishapita mwaka itashindwa, wala hakitakuja kingine cha kuiokoa. Yaani mleta uzi anaweza kusasisha ili kuiridhisha benki, kisha benki nyingine ikamkataa kwa sababu amesasisha.

#17 Fundi wa Aggrey
Mwandishi, hoja yako naiheshimu, lakini ni programu chache zinazodai ngazi hiyo ya juu. Nyingi huridhika na ngazi ya kati, ambayo haina sharti la tarehe ya kiraka. Mezani kwangu simu za kizazi hicho zenye Android 13 zinafungua programu za benki bila shida. Waliokataliwa, karibu wote simu zao zilikuwa zimeguswa kwenye kianzishi, zikiwemo zile zinazoletwa kama mtumba na kubadilishwa mfumo ili zisome lugha na mtandao wa huku.

#18 Mwandishi wa Msimbo
Leo ni chache, Fundi. Anayeamua ni benki, na inaweza kuamua Jumatatu asubuhi bila kukutangazia. Sisemi asisasishe; nasema ajue kwamba hatua hiyo, kwa maelezo yako mwenyewe ya ile tarakimu ya kianzishi, huenda isiwe na kurudi.

#19 Ngosha wa Igoma
Mimi swali langu kwa Mwandishi ni jepesi. Yale maandishi mekundu ya benki yanataka nini hasa? Kama yanataka Android 12, huo mjadala wa ngazi ni wa wataalamu. Mleta uzi atazuiwa hata hivyo akibaki alipo.

#20 Mama Upendo
Naomba kuuliza na mimi kabla hatujasonga mbali. Jirani yangu alisasisha simu yake usiku, asubuhi ikawa na mstari wa kijani kuanzia juu mpaka chini ya kioo. Fundi wa mtaani akamwambia ni sasisho limechoma kioo. Je, sasisho linaweza kuchoma kioo?

#21 Kachero wa Hifadhi
Malalamiko hayo yamesikika sana India, hasa kwa simu zenye vioo vya AMOLED, na mwaka 2023 kampuni ya OnePlus ilitoa huko dhamana ya maisha ya kioo kwa baadhi ya simu zake zilizopatwa na mistari hiyo. Wapo wanaosema joto la muda mrefu wakati wa kusasisha humalizia muunganisho wa kioo uliokwisha kudhoofika. Wapo wanaosema ni hitilafu ya kiwandani ambayo ingetokea hata simu ikiwa imelala mezani. A12 ya mleta uzi ina kioo cha LCD, kwa hiyo kwa hilo alale usingizi.

#22 Fundi wa Aggrey
Naongezea jambo la kivitendo. Simu isisasishwe ikiwa ndani ya kava nene, juu ya godoro, huku inachajiwa. Nimepokea simu za namna hiyo zikiwa na joto la kushindwa kushikwa.

#23 Mzee wa Kibuyuni
Na masasisho ya programu moja moja nayo msiyaone madogo. Oktoba 2024 Galaxy S10 na Note 10 kadhaa zilianza kujizima na kujiwasha bila kukoma, na chanzo kilikuwa sasisho la sehemu ya SmartThings, programu ya Samsung ya kuendeshea vifaa vya nyumbani, wala mfumo endeshi haukuwa umeguswa. Waliokuwa hawana nakala rudufu walipoteza picha zao, kwani tiba iliyopatikana ilikuwa kufomati. Hata anayebonyeza "Baadaye" kama mleta uzi, hayo yangeweza kumkuta.

#24 Wakala wa Msamvu
Asanteni nyote. Nimefuata maelekezo ya Fundi na kukagua simu. Kizazi cha mfumo ni A, yaani Android 11, kama alivyosema. Hifadhi imejaa mpaka gigabaiti 58, nyingi zikiwa picha za stakabadhi na video za makundi ya WhatsApp ambazo sijawahi kuzitazama. Maandishi ya benki nimeyasoma upya kwa utulivu: yanasema kuanzia toleo lijalo la programu yao watahitaji Android 12, tarehe hawakuitaja.

Kwa hiyo maswali yangu yamebaki mawili. La kwanza, naweza kuishia Android 12 nisiende 13, ili nikwepe ile kanuni ya Mwandishi? La pili, sasisho ni la zaidi ya gigabaiti moja, na bando langu la usiku hukatika katikati. Likikatika, simu inabaki katika hali gani?

#25 Fundi wa Aggrey
La pili ni rahisi. Kupakua kukikatika hakuna madhara. Faili huendelea lilipoishia au huanza upya, na simu haianzi kujibadilisha mpaka faili zima liwepo na limehakikiwa. Pa kuogopa ni wakati wa kuweka, pale inapoonesha asilimia kwenye kioo cheusi, na hapo hitaji ni chaji ya kutosha tu. Kama una kompyuta, programu ya Smart Switch ya Samsung inaweza kulishusha na kuliweka kwa waya.

Kuhusu kuishia 12, simu iliyoachwa nyuma kiasi hicho mara nyingi hupandishwa ngazi kwa ngazi, hivyo unaweza kuiona 12 kwanza, ukazima upakuaji wa kujiendesha, ukabaki hapo. Lakini usinishike shati ikikuruka moja kwa moja hadi ya mwisho, kwa sababu seva ndiyo inayopanga, si wewe wala mimi.

#26 Bint Tanga
Na akibaki kwenye 12, viraka vya mwisho vilivyotolewa juu ya Android 13 atavikosa vyote. Yeye anashika fedha za watu. Sioni faida ya kukwepa kanuni ambayo benki yake haijasema kama inaitumia, kwa gharama ya matundu ambayo yanajulikana na yamekwisha kuzibwa.

#27 Mwandishi wa Msimbo
Bint Tanga, viraka hivyo navyo vimekwisha kuzeeka. Matundu yaliyogunduliwa baada ya hapo yako wazi kwenye 12 na yako wazi kwenye 13 vilevile. Tofauti ya usalama kati ya hizo mbili kwa A12 inapungua kila mwezi, ilhali tofauti ya kanuni inabaki palepale. Mimi ningemshauri aulize huduma kwa wateja ya benki yake swali moja la moja kwa moja: je, programu yenu inaangalia tarehe ya kiraka?

#28 Mswahili wa Kisauni
Huduma kwa wateja? Mwandishi, wewe umewahi kupiga hizo namba? Watamwambia azime simu na kuiwasha.